Kuku Wapya Wasiotaga: Tuwachunguze Kabla ya Kumshuku Mtu



Ndugu zetu wazazi, pamoja nanyi wanafunzi mnaosoma mkiwa mbali na nyumbani, leo tuna jambo la uani ambalo katika familia yetu lilikaribia kuvunja ujirani wa miaka mingi. Ni jambo la kuku walionunuliwa karibuni na ambao hawatagi.

Tumeona tuliandike kwa sababu mbili. Kwanza, familia nyingi za kwetu Burundi, iwe Gitega, iwe Muyinga, hutegemea mayai kwa chumvi, sabuni na madaftari ya watoto. Pili, yai lisipoonekana, watu hawaanzi kumtazama kuku, bali huanza kutazamana wao kwa wao. Mmoja atasema muuzaji ametudhulumu. Mwingine atasema ni kijicho. Wa tatu atasema humu ndani kuna mwizi. Na huyo mwizi, mara nyingi, atakuwa mtoto wa mtu asiye na wa kumtetea.

HABARI YENYEWE

Sisi tunaishi Gitega na mama yetu anaishi Muyinga. Mama alikuja kusali nasi Idi kubwa ya Juni 2024, na wakati wa kurudi akataka arudi na kuku. Alinunua 12 kwa akiba yake mwenyewe. Saba walikuwa wa kienyeji, waliopatikana mmoja mmoja sokoni. Watano walikuwa wale wekundu wa mayai, kutoka kwa mfugaji mmoja aliyesema kwamba "wanakaribia kutaga". Hesabu ya mama ilikuwa nyepesi: shule zinafunguliwa Septemba, wajukuu wanne wanataka madaftari na sare, na Julai na Agosti kuku watakuwa wanataga.

Siku hizo petroli ilikuwa ya shida nchini kote. Gari lilisimama muda mrefu njiani kabla ya kupita Karuzi, na kuku wakashinda ndani ya tenga, wamebanana, bila maji. Walifika Muyinga usiku, wote hai, alhamdulillah.

Wiki mbili zikapita bila yai hata moja. Wiki ya tatu likaonekana moja. Kufikia mwisho wa Julai mama alikuwa ameokota mayai 9 tu. Hapo maneno yakaanza. Kuna mtoto wa jirani, wa miaka 11, anayelelewa na bibi yake. Kila asubuhi alikuwa anakuja uani kwa mama kuchota maji ya bomba, na bomba liko karibu na banda. Mmoja wa wakubwa wa nyumba akasema, "Mayai yanatagwa, ila kuna anayetutangulia kuyaokota." Hakutaja jina, lakini kila mtu alielewa. Baada ya siku chache watoto wa madrasa walikuwa wanamwita yule mtoto "mla mayai". Bibi yake akamkataza kuja, akawa anamtuma kwenye maji ya mbali.

Mama alitupigia simu Gitega. Alisema, "Njooni. Mimi sitaki kumhukumu mtoto wa mtu kwa mayai ambayo sijui kama yalitagwa." Tukaenda Ijumaa jioni.

TULIVYOWACHUNGUZA

Tulimwomba veterineri wa komini aje nyumbani. Yeye alikuja baada ya Isha, kuku wakiwa wameshalala. Alituambia kuku achunguzwe usiku, kwa tochi, akiwa mtulivu, kwa sababu mchana utamkimbiza mpaka umchoshe, na huko kumchosha ni sababu nyingine ya kumkatisha kutaga.

Kisha akatuonyesha jambo ambalo tungependa kila nyumba ilijue. Kuku ana mifupa miwili ya nyonga, pande mbili za njia ya yai. Weka vidole vyako kati ya mifupa hiyo. Kikiingia kidole kimoja kwa shida, kuku huyo hatagi. Vikiingia viwili au vitatu, anataga. Tazama na njia yenyewe ya yai: kwa anayetaga ni pana, laini na yenye unyevu; kwa asiyetaga ni ndogo, kavu na imekunjamana. Tazama upanga wa kichwani: wa anayetaga ni mkubwa, mwekundu na una joto, wa asiyetaga ni mdogo, umepauka na una magamba.

Tukapima kuku mmoja mmoja, na mama akawa anahesabu. Kati ya kuku 12, wanaotaga walikuwa wawili tu. Kumi hawakuwa na yai tumboni wala hawakuwa karibu nalo.

Ndugu zetu, fikirini maana yake. Watu walikuwa wakipiga hesabu ya mayai ya kuku 12 na kuuliza yamekwenda wapi. Kumbe sehemu kubwa ya mayai hayo hayakuwahi kuwapo. Huwezi kuiba kitu ambacho hakijaumbwa.

SABABU ZA KILA MMOJA

Tuliposhika kuku mmoja mmoja, tuliona kwamba swali la "kwa nini kuku wetu hawatagi" halina jibu moja. Kila kuku alikuwa na jibu lake.

1. Wadogo. Watatu kati ya wale wa kienyeji walikuwa bado matembe. Kuku wekundu wa kisasa huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20 hivi. Wa kienyeji huchelewa, wengi huanza baada ya miezi 6, na wengine zaidi kama chakula ni haba. Hawa hawakuwa na tatizo lolote ila kusubiriwa.

2. Mmoja hakuwa mtetea. Alikuwa jogoo mchanga! Tulicheka sana usiku ule, hata mama aliyekuwa na hasira alicheka. Dalili zilikuwepo: manyoya ya shingoni yaliyochongoka na vimiba vilivyoanza kuota miguuni. Sokoni, ndani ya tenga lililojaa, si rahisi kuona.

3. Mwatamiaji. Mmoja alikuwa na kifua kilichonyonyoka na alikuwa akivimba na kulia kila akiguswa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, kisha huatamia siku 21, kisha hulea vifaranga kwa miezi miwili au zaidi. Muda wote huo hatagi. Ndiyo maana kwa mwaka hupata mayai 40 hadi 60 hivi, wakati kuku wa kisasa anayelishwa vizuri huweza kukaribia 300. Yule wetu inaelekea aliuzwa akiwa katika hali ya kuatamia. Kwake hilo ni zao lake, si ugonjwa.

4. Wazee wanaonyonyoka. Wale watano wekundu ndio waliotuumiza. Veterineri alifungua mabawa yao akatuonyesha manyoya mapya yanayochipuka kama visindano. Kuku anapobadilisha manyoya huacha kutaga kwa miezi miwili, hata mitatu, kwa sababu manyoya na mayai vyote hujengwa kwa protini, na mwili hauwezi kulisha miradi miwili. Magamba ya miguu yao yalikuwa mazito na makucha marefu. Hawakuwa "wanakaribia kutaga". Walikuwa wameshataga mwaka mzima na zaidi, na wamekuja kupumzika kwa mama.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Kuku mwekundu anayetaga sana hupoteza rangi ya manjano ya miguu na mdomo, kwa kuwa rangi hiyo huenda kwenye kiini cha yai. Manyoya yake huchakaa, na hana uzuri wa kuonyesha. Akiacha kutaga, manjano hurudi na manyoya mapya hung'aa. Kwa hiyo anayekwenda kununua akachagua kuku mwenye miguu ya manjano na manyoya ya kupendeza anaweza kuwa anamchagua aliyeacha kazi, akamwacha mfanyakazi kwa kuwa amechakaa.

5. Safari na ugeni. Sababu hii iliwapata wote. Kuku akihamishwa hubadilishiwa banda, maji, chakula, sauti na wenzake. Kuku wana utaratibu wao wa nani amdonoe nani, na kundi jipya hugombana siku kadhaa mpaka kila mmoja ajue nafasi yake. Wanyonge hufukuzwa kwenye chakula. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya yai ni maji. Kuku mmoja hunywa kama robo lita kwa siku, na akinyimwa maji siku nzima kwenye tenga mwili wake huacha habari ya mayai.

Wala mambo hayarudi kesho yake. Yai hukaa tumboni saa 24 hadi 26 tangu kiini kitoke mahali pake mpaka litagwe, na saa kama 20 kati ya hizo ni za kutengeneza ganda. Lakini kiini chenyewe huanza kunenepa siku kama 10 kabla. Kwa hiyo kuku aliyeshtuka leo, hata akitunzwa vizuri kuanzia kesho, atahitaji wiki mbili, tatu au nne. Ndiyo maana yai la kwanza la mama lilionekana wiki ya tatu.

6. Chakula. Kule Muyinga kuku walikuwa wanapewa mahindi na maganda ya mihogo. Hicho ni chakula cha nguvu, hakina protini ya kutosha. Na ilikuwa kiangazi: nyasi zimekauka, wadudu na minyoo ya ardhini ambao kuku hujitafutia wakati wa mvua wamepungua. Wale wekundu walizoea chakula cha mchanganyiko, kiasi cha gramu 110 hadi 120 kwa siku, na hawajui sana kujitafutia. Tulipowapapasa kifuani, mfupa ulikuwa umechongoka kama kisu.

Ganda nalo lina gharama. Kila yai linachukua kama gramu 2 za kalisi, na kuku asipopewa huitoa kwenye mifupa yake, kisha huanza kutaga mayai laini au huacha kabisa.

7. Kiota kisichojulikana. Walibaki wale wawili wanaotaga. Mmoja alikuwa akitaga kwenye kikapu ndani ya banda, na hayo ndiyo mayai 9 ya mama. Wa pili je? Asubuhi tuliwafungia kuku wote mpaka saa nne, kisha tukamfungulia yeye peke yake tukamfuata kwa mbali. Alizunguka bomba, akapita nyuma ya jiko, akaingia chini ya rundo la majani makavu ya migomba penye uzio wetu. Tulipofunua tulikuta mayai 11.

Basi hesabu ikakamilika. Kuku wawili, mayai 20, na hakuna hata moja lililopotea mikononi mwa mtu.

BAADA YA HAPO

Yule mkubwa aliyesema maneno yale alikwenda mwenyewe kwa bibi wa mtoto, siku ile ile kabla ya Adhuhuri, na mama akafuatana naye. Alisema mbele ya mtoto kwamba alimsingizia, akaomba radhi. Bibi alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mimi nimesamehe. Lakini yeye ndiye aliyeitwa mla mayai, mwulizeni yeye." Mtoto hakujibu kitu. Jumatatu alirudi kuchota maji. Mwalimu wa madrasa aliambiwa naye akazungumza na wenzake, lakini jina likishatoka mdomoni kwa watoto halirudi upesi. Tulisikia bado limetajwa mara moja au mbili mwezi uliofuata.

Kuhusu yule mfugaji, tuliporudi Gitega tulimwendea. Alisema naye aliwanunua kutoka kwa mtu mwingine akaambiwa hivyo hivyo. Hatukuwa na karatasi wala shahidi, na faranga hazikurudi. Mama alisema tumwachie Mungu, tusimtangaze kwa jambo ambalo hatuwezi kulithibitisha. Kama alijua akaficha, basi ni ghishi, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Kama hakujua, basi tungekuwa tumemfanyia yeye lile lile alilofanyiwa mtoto.

Kuku tuliwatunza hivi. Ndagala zilizokauka zilipondwa zikachanganywa na pumba, mahindi na mashudu ya alizeti. Maganda ya mayai yalikaushwa juani, yakasagwa vizuri wasiyatambue, wakapewa pembeni. Maji safi mara mbili kwa siku. Viota vitatu vyenye nyasi, sehemu yenye kivuli. Yule jogoo mchanga akabaki kuwa jogoo wa nyumba. Matembe walianza kutaga kati ya Septemba na Oktoba. Kati ya wale wekundu watano, watatu walirudi kutaga Oktoba, mayai makubwa lakini si ya kila siku. Wawili hawakurudi, wakachinjwa.

Madaftari ya Septemba hayakutoka kwenye mayai. Tuliyanunua kwa njia nyingine. Mayai yalianza kumsaidia mama mwisho wa mwaka.

TUNAYOWASHAURI

Kwanza, kabla ya kulipa, uliza umri wa kuku kwa wiki au miezi, usikubali maneno ya "wanakaribia". Mpapase nyonga na kifua, tazama upanga na magamba ya miguu. Kama ni kuku wengi, nunua mbele ya shahidi na muandikiane.

Pili, safirisha asubuhi mapema au jioni, tenga lisijazwe, na wanyweshwe kabla na baada ya safari. Tangu tukiwa chuoni tumefundishwa kwamba mnyama aliye mikononi mwetu ana haki ya chakula na maji. Haki hiyo haisimami kwa sababu yuko njiani.

Tatu, kuku wapya watengwe na wa zamani kwa wiki mbili au tatu. Kideri kinaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Muulizeni veterineri chanjo, na kumbukeni kuirudia kila miezi mitatu au minne. Angalieni pia utitiri na chawa kwenye nyufa za banda usiku, kwani humnyonya kuku damu naye huacha kutaga. Mkipewa dawa, ulizeni ni siku ngapi mayai yasiliwe wala kuuzwa.

Nne, msihangaike sana na yale mnayosoma kuhusu urefu wa mchana. Vitabu vingi vimeandikwa kwa nchi za baridi, ambako majira yakibadilika siku hupungua sana na kuku huacha kutaga. Sisi tuko karibu na ikweta. Gitega na Muyinga, tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kabisa wa mwaka haifiki nusu saa. Kinachohitajika kwetu ni banda lisiwe na giza mchana.

Tano, subirini. Mwezi mmoja si mrefu kwa kuku mgeni. Msiwafukuze, msiwabadilishie chakula kila siku, wala msichinje kwa hasira. Mkiona dalili za ugonjwa, kama kuhara kijani, kukoroma au kupinda shingo, hapo msisubiri, mwiteni mtaalamu siku hiyo hiyo.

Sita, na hili ndilo tulilolikusudia tangu mwanzo: hesabuni kuku wanaotaga kabla ya kuhesabu mayai yaliyopotea. Kupima nyonga kwa vidole hakuchukui dakika moja kwa kila kuku. Fungieni mpaka saa nne, kisha mfuateni anayetoka mbio. Tafuteni chini ya majani, nyuma ya kuni, ndani ya vikapu vya zamani, na mtazame pia kama kuna mbwa, nyoka au kuku mwenyewe anayekula mayai. Mkishamaliza yote hayo, na bado kuna pengo, basi zungumzeni na watu kwa upole na faraghani.

Wanafunzi wetu, nanyi mna nafasi hapa. Mkirudi nyumbani likizo, wafundisheni wadogo zenu kupima kuku na kuandika mayai ya kila siku kwenye daftari. Daftari lenye tarehe lingemwokoa yule mtoto tangu wiki ya kwanza.

Tunamwomba Allah atutilie baraka katika riziki zetu ndogo na kubwa, na atulindie ndimi zetu na majirani zetu.